Vijana Wetu Wajenge Garimoshi Dogo la Mvuke

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Tangu hapo, kwa muda wa karibu miaka mia moja, pamba ya Usukuma, samaki wa Ziwa, saruji, mafuta na wasafiri wasiohesabika wamepita juu ya reli mbili za chuma zilizoachana kwa mita moja tu. Sasa zama mpya zimewadia. Mwaka 2021 ulianza ujenzi wa kipande cha Mwanza hadi Isaka cha reli ya kisasa, chenye urefu wa kilomita 341, ambacho upana wa njia yake ni milimita 1,435. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma. Na huku kwetu, Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilizinduliwa mwezi Juni mwaka 2025. Hakuna mwananchi mwenye akili timamu atakayeyasikitikia maendeleo hayo. Sisi wa Kamanga tunayapokea kwa mikono miwili.

Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba kila zama zinapoondoka huondoka na ilimu yake, isipokuwa wawepo watu wa kuishika. Injini za mvuke zilizojenga reli yetu ziliachia nafasi injini za dizeli, na wale waliojua kuziwasha, kuzilisha maji na kusikiliza mapigo yake ni wazee sana leo, au wamekwisha tangulia mbele ya haki. Vyuma vyenyewe vingi vimeuzwa kama chuma chakavu. Katika safu hii leo tunataka kupendekeza jambo ambalo wengine huenda wakaliona dogo, nalo ni kwamba vijana wa vyuo vyetu vya ufundi wajenge, kwa mikono yao wenyewe, garimoshi dogo la mvuke lililo mfano kamili wa injini za reli yetu nyembamba.

Tunaposema garimoshi dogo la mvuke hatuna maana ya vigari vya plastiki viuzwavyo madukani, ambavyo huendeshwa kwa betri na kutupwa kabla ya mwezi kwisha. Tuna maana ya injini kamili iliyopunguzwa ukubwa kwa kipimo, yenye boila la maji, moto, silinda, pistoni, valvu na fito za kuzungusha magurudumu. Moto ukiwashwa maji huchemka. Mvuke huingia katika silinda na kusukuma pistoni. Nayo injini hukokota mabehewa yake kwa nguvu yake yenyewe. Lililopungua ni umbo tu, ila kazi ni ile ile iliyofanywa na injini kubwa. Ndani ya chombo kinachoweza kuwekwa juu ya meza mna sheria zote za maumbile zilizoendesha magarimoshi na meli za karne nzima.

Kazi hii haikuanza leo. Nchini Uingereza gazeti la The Model Engineer, linaloshughulika na ufundi wa namna hii, lilianzishwa mwaka 1898, na kwa miaka mingi wafanyakazi wa viwandani, makarani na walimu wamejenga injini za namna hii katika vibanda vya nyuma ya nyumba zao. Wapenzi wa reli nyembamba wana vipimo vyao. Njia yenye upana wa milimita 32, kwa kipimo cha 1 kwa 19, huwakilisha reli za milimita 600, kama zile zilizokuwa zikibeba mkonge mashambani. Njia yenye upana wa milimita 45, kwa kipimo cha 1 kwa 22.5, huwakilisha reli ya mita moja. Kipimo hiki cha pili kilienezwa na kiwanda kimoja cha Ujerumani kuanzia mwaka 1968, kwa kufuata reli za mita moja za milima ya Ulaya. Lakini mita ni mita, iwe Ulaya au Mwanza. Kipimo kinachotufaa kipo tayari, na hatuna haja ya kukibuni upya.

Tutazame sasa ni injini gani zinazostahili kufanyiwa mfano. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa na magarimoshi ambayo sifa zake zilivuka bahari. Mashuhuri kuliko yote yalikuwa yale ya daraja la 59, aina ya Garratt, ambayo 34 yaliundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester katika miaka ya 1955 na 1956. Kila moja lilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250 na urefu wa karibu mita 32, na yanahesabiwa kuwa yenye nguvu kuliko magarimoshi yote ya mvuke yaliyopata kutembea juu ya reli ya mita moja popote duniani. Yalifanya kazi hasa kati ya Mombasa na Nairobi, yakichoma mafuta mazito.

Siri ya nguvu hiyo ilikuwa katika muundo. Mhandisi Herbert William Garratt aliona kwamba juu ya reli nyembamba, yenye kona kali na pau nyepesi, injini moja ndefu na nzito haiwezi kupita. Akalitundika boila katikati, na mbele yake na nyuma yake akaweka seti mbili za magurudumu, kila moja na silinda zake, zinazoweza kujipinda kila moja upande wake. Uzito ukagawanyika, boila likapata nafasi ya kunenepa, na injini ikapita kwenye kona kama nyoka. Injini ya kwanza ya namna hiyo ilijengwa mwaka 1909 kwa ajili ya reli ya futi mbili huko Tasmania, na mpaka leo ingali ipo. Kwa hiyo reli nyembamba haikuwa ndugu mnyonge wa reli pana. Ufinyu wake ndio uliowalazimisha mafundi kufikiri.

Magarimoshi yale ya daraja la 59 yalipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mawili tu ndiyo yaliyosalia, nayo yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Moja linaitwa Mount Gelai na jingine Mount Shengena. Msomaji anayeijua ramani ya nchi yetu atatambua mara moja: Gelai ni mlima wa Mkoa wa Arusha, karibu na Ziwa Natron, na Shengena ni kilele cha milima ya Upare. Katika makumbusho yayo hayo limo pia garimoshi liitwalo Nyaturu, kwa jina la watu wa Singida. Ndugu zetu wa Kenya wanastahili pongezi kwa kuyatunza. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na sehemu yake ya vyuma, na wao walikuwa wamekwisha kuyatengea makao. Sisi tubaki na swali: ikiwa milima yetu na watu wetu wamehifadhiwa kwa jirani, sisi wenyewe tumehifadhi nini?

Wako watakaosema kwamba mambo ya reli hayawahusu watu wa visiwani. Mwana wa Ukerewe, Ukara, Kome au Maisome anaweza kuzaliwa na kukua bila kuona garimoshi hata siku moja. Tunawajibu kwa historia. Huko Zanzibar, Sultani Barghash bin Said alijenga reli nyembamba ya kwenda Chukwani kuanzia mwaka 1879. Kwanza mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha mwaka 1881 ikaagizwa injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Baadaye, mwaka 1905, reli nyingine ilifunguliwa kutoka mjini hadi Bububu. Kwa hiyo watu wa visiwani walikuwa na garimoshi lao miaka mingi kabla ya Mwanza kuliona la kwake.

Na Ziwa letu lenyewe limejengwa na mvuke uliokuja kwa masanduku. Meli ya William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikavunjwa vipande, ikasafirishwa, ikaunganishwa upya Kisumu na kuingia majini mwaka 1900. Zilizofuata zilikuja kwa njia hiyo hiyo, hata MV Victoria iliyoanza kazi mwaka 1961, ingawa yenyewe ilikuwa ya dizeli. Katika Ziwa Tanganyika ipo MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuunganishwa upya Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha ili isitekwe, lakini mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito kabla ya kuizamisha. Ilipoibuliwa mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ikaendelea kutembea kwa mvuke hadi miaka ya 1970. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mtu anayetumia mtambo na mtu anayeujua mtambo. Anayeujua huweza kuuokoa hata anapouzika.

Garimoshi dogo nalo huingia katika sanduku. Tufanye hesabu. Urefu wa mita 32 ukigawanywa kwa 22.5 ni mita moja na sentimita 40 hivi. Ama uzito haupungui kwa kadiri hiyo hiyo, kwa sababu uzito hufuata urefu, upana na kimo vyote vitatu. Tani 250 zikipunguzwa kwa namna hiyo zinabaki kilo 22 hivi, yaani chini ya nusu ya mfuko wa saruji. Chombo kama hicho kinaweza kupakiwa katika mtumbwi asubuhi, kikavushwa hadi Kome, na mchana kikatembea mbele ya wanafunzi katika uwanja wa shule. Hivyo mwana wa kisiwani atakuwa ameletewa reli mpaka mlangoni.

Hapo ndipo somo linapoanza, kwa maana maumbile hayakubali kupunguzwa kwa kipimo kama tunavyopunguza chuma. Kila mama anajua kwamba kikombe cha uji hupoa kabla ya sufuria ya uji. Chombo kikipunguzwa nusu kwa kila upande, ngozi yake hubaki robo, lakini kilichomo ndani hubaki thumuni. Kwa hiyo boila dogo lina ngozi kubwa mno kwa maji machache, na joto hukimbia upesi. Fundi anayenakili mchoro wa injini kubwa bila kufikiri atapata chombo kizuri cha kutazama kisichoweza kujivuta. Hana budi kupanga upya mabomba ya moto, kuongeza unene hapa na kupunguza tundu pale. Mwanafunzi aliyepitia kazi hiyo amejifunza hesabu, fizikia na uchoraji kwa mpigo mmoja, na hatayasahau kama yale anayokariri kwa ajili ya mtihani.

Tunapenda pia kutoa onyo bila kuficha. Mafundi bati wetu ni hodari. Hutengeneza koroboi, majiko na masanduku kwa makopo na mabati chakavu, na watoto wetu huunda magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili. Hata hivyo, boila la mvuke halitengenezwi kwa kopo la maziwa. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo, na yakizuiwa hutafuta pa kutokea. Risasi ya kuunganishia koroboi huyeyuka kwa joto la nyuzi 200 hivi, ilhali ndani ya boila dogo lenye shinikizo la ratili 60 kwa inchi ya mraba maji huchemka kwenye nyuzi 150 na zaidi. Maji yakipungua kidogo tu, moto utaifikia risasi na kiungo kitaachia. Kwa hiyo boila hutengenezwa kwa shaba nyekundu na kuunganishwa kwa lehemu ya fedha. Kabla ya kuwashwa moto hujazwa maji baridi na kusukumwa kwa pampu hadi shinikizo mara mbili ya lile la kazi, mbele ya mkaguzi. Huwekwa kioo cha kuonyesha kimo cha maji, saa ya kupimia shinikizo, na valvu ya usalama.

Tuseme neno juu ya valvu hiyo. Ni kijichombo kidogo cha springi na kizibo. Shinikizo linapofika kikomo kilichowekwa, valvu hufunguka yenyewe na kuachia mvuke. Haisikilizi cheo wala haina haraka ya safari. Na jambo la kwanza afundishwalo mwendesha injini ni kwamba asithubutu kamwe kuifunga kwa waya ili apate nguvu zaidi, kwani aliyeifunga ameikaza leo ili imlipukie kesho.

Watu wa visiwani wana sababu ya kulitafakari somo hilo kuliko watu wengine wote. Tarehe 20 Septemba mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kilipokaribia Ukara, na watu 228 walipoteza maisha katika chombo kilichotengenezwa kubeba watu mia moja hivi. Kabla yake, tarehe 21 Mei mwaka 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya ndugu zetu. Hatusemi kwamba garimoshi dogo lingezuia misiba ile. La hasha. Tunasema kwamba namba iliyoandikwa ubavuni mwa chombo kuonyesha uwezo wake ni valvu ya usalama isiyokuwa na springi. Haiwezi kufunguka yenyewe, inategemea watu kuiheshimu. Jamii iliyolelewa kuamini kwamba mtambo "utavumilia tu" itaipuuza namba hiyo. Kijana aliyepima boila kwa mkono wake, akaona kikomo kikifika na mvuke ukitoka kwa kishindo, atakapokuwa nahodha, fundi wa kivuko au karani wa tiketi atajua kwamba kikomo ni kikomo.

Tunazijua hoja za upande wa pili. Ya kwanza ni kwamba huu ni mchezo wa wastaafu wenye fedha wa nchi za ng'ambo, nasi tuna zahanati zisizo na dawa za kutosha na wanafunzi wasio na madawati. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hatuombi fungu jipya. Vyuo vya ufundi vyenye mashine za kukerezea vyuma vipo, na wanafunzi wake kila mwaka hukereza vipande vya mazoezi ambavyo baadaye hutupwa. Tunaomba vipande hivyo viwe vya kitu kimoja chenye maana: mwaka huu magurudumu, mwaka ujao silinda, mwaka wa tatu boila. Gharama kubwa ni shaba na lehemu, nayo si ya kuyumbisha bajeti ya chuo.

Hoja ya pili ni kwamba reli ile ilikuwa ya wakoloni, iliyojengwa ili kuchukua pamba yetu na kuipeleka kwao. Ni kweli. Lakini tuta lake lilichimbwa kwa majembe ya babu zetu, na baada ya uhuru ni Watanzania waliochochea moto, waliokaza nati na kuongoza treni usiku. Kuitupa kumbukumbu ya injini kwa sababu ya aliyeiagiza ni kuitupa pia kumbukumbu ya mikono iliyoifanyia kazi. Historia ya kazi ni mali ya aliyefanya kazi.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne kwa viongozi wa Mkoa wa Mwanza na wa wilaya zote zinazozunguka Ziwa. Kwanza, Shirika la Reli litambue na kuorodhesha mabaki yote ya zama za mvuke popote yalipobaki, kuanzia injini, matangi ya maji na michoro hadi zana za karakana, na lizuie yasiuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla ya kupimwa na kupigwa picha. Pili, wazee waliofanya kazi katika injini hizo watafutwe na maneno yao yarekodiwe mapema, maana mzee hangoji kikao cha bajeti. Tatu, chuo kimoja cha ufundi cha mkoa wetu kipewe jukumu la kujenga garimoshi moja kwa kipimo cha 1 kwa 22.5. Lianze na injini ndogo na nyepesi, kwani Garratt yenye seti mbili za magurudumu ni kazi ya fundi aliyekwisha komaa. Boila lake likaguliwe na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi kama linavyokaguliwa boila la kiwandani. Nne, likikamilika lisifungiwe katika kabati la kioo la ofisi ya mtu. Litembezwe katika shule za nchi kavu na za visiwani, pamoja na fundi wa kulieleza, na kila mwanafunzi apate kusoma saa ya shinikizo kwa macho yake.

Kwa wananchi wa visiwani tunasema: ulizieni jambo hili katika mikutano yenu ya vijiji. Watoto wenu ndio watakaoendesha vivuko, mitambo ya barafu na boti za kesho, na wana haki ya kuijua nguvu wanayokabidhiwa. Kwa viongozi tunasema: reli mpya itakapofika Mwanza mtakata utepe, na itakuwa siku ya furaha kwetu sote. Ingependeza siku hiyo, kando ya njia hiyo pana, pawepo njia nyingine ya milimita 45, na juu yake garimoshi lililojengwa na vijana wa Mkoa huu, likivuta mabehewa yake kwa mvuke wake lenyewe. Kazi ya miaka mitatu haiwezi kufanywa kwa wiki tatu za maandalizi ya sherehe. Ianze sasa.